Unga Usio na Jina

Hapa Iringa Jumatano ya Majivu huangukia katikati ya mvua. Unatoka kanisani jioni na msalaba mweusi kwenye paji la uso, mwavuli umemwachia mtoto, na kabla hujaifikia barabara ya lami majivu yameshaanza kuteremkia puani. Nikifika nyumbani najitazama kwenye kioo kidogo kilichoning'inia karibu na cherehani yangu, naona michirizi miwili mitatu ya kijivu, basi. Zamani jambo hilo liliniudhi. Nilitaka majivu yakae hadi usiku, watu wajue nimetoka wapi. Mpaka mwaka mmoja nikaisikiliza kwa makini Injili ya siku hiyo, Mathayo sura ya 6, ambayo nilikuwa nimesomewa tangu utotoni masikio yakiwa wazi na moyo ukiwa kwingine: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Tunaambiwa tunawe uso, tunapakwa majivu, tunatoka nje, na mvua inatunawisha.

Injili hiyohiyo inasema pia kwamba utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Mstari huu naubeba kwa namna ya pekee tangu mwaka 2023, kwa sababu niliuvunja mbele ya watu kumi na saba, nikiwa nimeshika daftari.

Nianzie mbali kidogo.

Neno Kwaresima limetokana na Kilatini, maana yake ni ya arobaini. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46, toa Jumapili sita ambazo hazifungwi, zinabaki 40. Sheria ya Kanisa leo ni nyepesi. Kufunga ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na Ijumaa hakuna nyama kwa kila aliyetimiza miaka 14. Bibi yangu aliikuta nyingine. Alibatizwa Tosamaganga, misheni iliyoanzishwa na Wabenedikto kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na kushikwa na Wakonsolata wa Italia kuanzia mwaka 1919. Wakati wa ujana wake watu walifunga siku zote za Kwaresima isipokuwa Jumapili. Papa Paulo VI alipolegeza sheria mwaka 1966, bibi hakulegeza. Alisema tumbo lake limeshazoea, na asingeweza kuanza kulifundisha upya.

Na hiyo sheria ya nyama, nikisema ukweli, kwenye majiko mengi ya huku haifiki mbali. Familia inayokula nyama Noeli na Pasaka haipungukiwi kitu Ijumaa. Kinyume chake, nimeona watu wa mjini wakiacha nyama na kununua perege wa Mtera wa kukaanga, mkubwa, na nyanya na karoti juu yake. Sheria imetimizwa, mfungo haujagusa mtu. Huku Kwaresima inakuja Februari na Machi, wakati mahindi ya ghalani yanaisha na ya shambani ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Wengi wanapunguza chakula hata wasipoambiwa. Ukitaka kujua mtu wa Iringa amejinyima nini, usimuulize nyama. Muulize ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Mvua hizihizi zinazotunawisha majivu ndizo zinazoamsha mianzi. Babu yangu alikuwa mgemaji. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, kisha kila asubuhi na kila jioni unaparwa upya kidogo kwa kisu kikali ili utomvu usizibe, na chini ya mkato unafungwa mbeta, kipande cha mwanzi mkubwa, unadondokea humo. Ukiacha siku mbili mwanzi unakauka. Kwa hiyo babu, ambaye toka Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka hakugusa ulanzi, alilazimika kuugema kila siku, mara mbili, katikati ya nyuki waliofuata utamu. Ilibidi ajue kama bado mtamu au umeshaanza kukolea, na hakuwa radhi kuonja. Hapo ndipo nilipohitajika mimi. Nilikuwa na miaka saba au minane. Ananishushia mbeta, nachovya kidole, nalamba.

"Mtamu?"

"Mtamu, babu."

Naye anameza mate. Nililiona koo lake likipanda na kushuka, halafu anafunga mbeta nyingine na kuhamia mwanzi unaofuata. Ulanzi ule waliununua majirani. Pesa yake haikuingia dukani wala kwenye sabuni. Bibi aliifunga kwenye pindo la kanga mpaka Juma Kuu, kisha siku moja pindo linakuwa tupu. Nilimuuliza mara moja pesa imekwenda wapi. Akaniambia nikachote maji.

Sasa turudi kwenye daftari.

Mtu wa nje akitaka kuiona Kwaresima yetu atakwenda kanisani, na ataiona: zambarau kila mahali, Aleluya haiimbwi, kwaya imepunguza vyombo, Ijumaa saa kumi watu wanapiga magoti vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Lakini Kwaresima hasa inaishi kwenye jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kwenye mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa la huku lijengwe kutoka kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumba chache za jirani zinazosali pamoja. Tanzania tuliupokea uamuzi huo kama kitu tulichokijua, maana tayari tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Jumuiya yetu ina kaya 22. Tunasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, viti vya plastiki vikiazimwa huku na huku. Kipindi hiki tunasoma kwa vipande Ujumbe wa Kwaresima ambao Baraza la Maaskofu hutoa kila mwaka, tunasikilizana, tunapangiana wagonjwa wa kutembelea. Mtu akifiwa, jumuiya ndiyo inayofika kabla ya ndugu. Naipenda kwa moyo wote, na ndiyo maana naandika haya.

Kila Kwaresima kila kaya inapewa bahasha. Humo unaweka ulichojinyima, na mwishoni fedha inakwenda kusaidia wahitaji. Mwaka ule wa 2023 bei ya mahindi ilikuwa imepanda nchi nzima, wahitaji walikuwa wengi, na sisi tulikuwa tumejiwekea lengo. Wiki ya pili tukaona tuko nyuma. Pakatokea wazo kwamba bahasha zikusanywe kila Jumamosi badala ya kusubiri mwisho, na kwamba katibu asome, ili watu wahamasike. Katibu nilikuwa mimi. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nililipenda wazo, hata nikatumia rula kuchora safu: jina, kiasi, jumla.

Nikasoma. Elfu kumi. Elfu tano. Elfu tano. Elfu kumi na tano, na watu wakapiga makofi mepesi. Bahasha moja ilikuwa nzito kwa sarafu, ilituna katikati kama imebeba jiwe. Nilikuwa nimeshaihesabu: sarafu tano za mia. Nikasoma jina la yule mama, nikasema, "Mia tano."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali. Kulikuwa na kimya cha watu wanaotazama vidole vyao. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango, mwanaye wa kiume, wa darasa la nne hivi, amesimama pembeni yake. Mtoto alimtazama mama yake. Mama hakumtazama mtoto. Nikaendelea na jina lililofuata, kwa sauti ileile, na sauti hiyo bado naisikia.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Nilijiambia labda anaumwa, na mtu akiumwa jumuiya inakwenda kumwona, lakini sikwenda, kwa sababu nilijua haumwi.

Nilikwenda wiki ya tano, Jumanne jioni. Nyumba yake iko juu kidogo ya kwetu, njia ya kupandisha, tope jekundu linakuvua viatu. Nikapiga hodi. Akasema karibu, bila kuinuka. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema. "Milele na milele, amina," akajibu, kwa sababu hiyo hujibiwa hata na mtu aliyekasirika.

Alikuwa anasonga ugali. Maji yalikuwa yamechemka kwenye sufuria, unga uko kwenye sahani ya bati, kipimo cha watu watatu. Kabla ya kuumimina aliingiza mkono, akachota konzi moja, akaitia kwenye kopo lililokuwa kando ya jiko, akalifunika. Aliiminya ile konzi kwanza, mpaka vidole vikaacha alama kwenye unga. Kisha akamimina uliobaki na kuanza kukoroga. Ugali ukawa wa watu wawili na nusu.

"Dada," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi."

Aliendelea kusonga. Unga ulipoanza kushikana alisema, bila kunigeukia, "Katibu, ulinisoma kama mdaiwa."

Sikuwa na jibu.

"Ile mia tano nilimpa Mungu. Wewe ukawapa watu."

Nikamwambia nimekosa. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na sikuwa na haki ya kumdai. Aliipua sufuria, akampa mwanaye lile kopo, akamwambia apeleke kwa bibi wa kwenye mparachichi kabla giza halijaingia sana. Namfahamu bibi huyo, ni Mwislamu, mkongwe, analea wajukuu. Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu nyuma. "Na yeye amefunga," alisema yule mama, kama anayenieleza kwa nini mtoto anatoka wakati wa kula. "Anahitaji uji." Kisha akanikaribisha mezani, kwa sababu nilikuwa mgeni, nikala tonge mbili za ugali ule uliopunguzwa, na majani ya maboga. Sijawahi kula chakula kizito kama kile.

Njiani nikishuka niliwaza pindo la kanga ya bibi. Nilikulia kwenye nyumba ambamo jambo hili lilifanyika kimyakimya mbele ya macho yangu kila mwaka, nikachukua rula nikachora safu.

Nilipopeleka hoja kwenye jumuiya kwamba majina yasisomwe tena, haikupita kirahisi, na sitaki kuwasema vibaya waliopinga. Mwenyekiti wetu ni mtu mwadilifu. Alisema fedha isiyoandikwa inaliwa, na amekaa kwenye kamati za kutosha kujua hivyo. Ni kweli. Mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, akasema kuna watu ambao wasiposomwa hawatoi kabisa. Hilo nalo ni kweli, ingawa kwangu mimi mtu wa namna hiyo asubiriwe tu, asisukumwe. Jumuiya ina tatizo ambalo mtu anayesali peke yake chumbani hana. Tunaishi mlango kwa mlango, nani kaanika nini kwenye kamba tunajua. Injili inatutaka tutoe kwa siri, na Kanisa limetutaka tuishi pamoja, na yote mawili ni maagizo mema. Tukakubaliana kwamba bahasha zibaki ila zihesabiwe na watu watatu, na kinachosomwa kiwe jumla peke yake.

Halafu nikaomba kitu cha pili. Niliomba ndoo.

Kuanzia Kwaresima ya 2024 tuna ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, inazunguka na sala. Kila kaya inaleta unga iliouweka kando kwa wiki, konzi kwa konzi. Mwanzo ulikuwa na makosa yake. Ndoo iliwekwa katikati ya sebule, na watu wakaja na mifuko ya kilo mbili mbili inayoonekana, wakamimina taratibu. Tukaihamishia chumba cha ndani, anaingia mmoja mmoja. Wiki ya kwanza ukiangalia ndani unaona tabaka: sembe nyeupe ya wenye uwezo juu, dona ya wengine chini, unajua nani kaja kabla ya nani. Mzee mmoja, mkimya sana, akaingia na mwiko akaukoroga wote. Ukawa rangi moja, si nyeupe si ya kahawia, wenye madoa. Tangu siku hiyo mwiko unakaa na ndoo.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo sikuifikiria: unyevu. Unga wa kaya nyingi, uliokaa kwenye makopo jikoni wakati wa mvua, hauvumilii wiki sita. Mwaka ule wa kwanza kilo kadhaa zilivunda na ilibidi zitupwe, na iliniuma kuona konzi za watu zikimwagwa shimoni. Sasa unapelekwa kila Jumamosi usiku uleule. Watatu ndio wanaojua unakwenda nyumba gani, wanabadilishwa kila mwaka, na niliomba nisiwekwe humo kamwe. Dini ya nyumba haiulizwi. Mwaka wa pili mtu alinung'unika kwamba ndoo imeonekana ikiingia kwa mlevi wa ulanzi. Mwenyekiti, yuleyule aliyepinga, alimjibu kwamba nyumba ile ina watoto wanne, akafunga mjadala.

Yule mama hakurudi Pasaka ya 2023. Nilishona kanzu nyeupe za wakatekumeni, wale wanaobatizwa kwenye Mkesha, hadi saa sita usiku, na kanisani, mishumaa ilipowashwa, nilimtafuta kwa macho sikumwona. Alirudi Juni, siku ya maandamano ya Ekaristi Takatifu. Alisimama karibu yangu kwenye foleni ya wanawake. Mimi sikuwa na kitabu cha nyimbo. Aliinamisha chake kidogo upande wangu, bila kusema neno, tukaimba kwenye ukurasa mmoja hadi tunaingia kanisani. Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye sala, akakaa karibu na mlango palepale.

Mwaka jana, 2025, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, Waislamu wakiwa wameshaanza kufunga siku chache kabla. Kwa fundi cherehani Kwaresima ndiyo msimu. Nguo za Pasaka, sare za kwaya, kanzu za ubatizo, vyote vinakuja kwa pamoja, na mapato ya wiki hizo sita ndiyo yanayolipa ada. Wiki ya kwanza mume wangu akalazwa. Nilishinda hospitali siku ishirini na moja. Vitambaa vya watu vililala mezani vikiwa vimekatwa nusu, wengine wakaja kuchukua vyao wakapeleka kwa fundi mwingine, na sikuwalaumu. Pesa ya unga ikageuka nauli na dawa. Sikumwambia mtu. Niliendelea kufika kwenye sala nilipoweza, na Jumamosi mbili niliingia chumba cha ndani na mfuko mtupu, nikafungua mfuniko, nikaufunga, nikatoka. Hakuna aliyeweza kujua.

Jumamosi ya tatu nilirudi kutoka hospitali usiku, mvua inanyesha, watoto wamelala. Mama mkwe wangu alikuwa macho. Aliniambia kuna mtu amegonga, na alipofungua mlango hakukuta mtu, alikuta mfuko wa salfeti umefungwa kwa kamba ya katani na kufunikwa nailoni usilowe. Nikaufungua juu ya meza ya kushonea. Nilijua kabla sijaugusa, kwa rangi yake.

Tulisonga usiku uleule, maana mama mkwe alikuwa hajala akinisubiri. Unga wa namna hiyo unasumbua mkono. Dona hunywa maji kuliko sembe, kwa hiyo unapodhani umeiva bado, na ukiongeza unga unakaza ghafla. Mama mkwe alininyang'anya mwiko. Kabla hajamimina sahani ya mwisho nilimshika mkono, nikachota konzi moja, nikatafuta kopo la kuitia, na kwa kuwa lililokuwa karibu lilikuwa na vifungo vya mashati, nikavimwaga mezani.